Viputo kwenye shimo la tope la mtambo wa bayogesi

Moshi, Jumapili jioni

Mlima ukifunguka jioni kama hii, mazungumzo ya tabianchi huanzia kwenye barafu. Na kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Ila upungufu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, na ukavu wa hewa na uhaba wa theluji kule juu vina mkono mkubwa. Kumwambia mama wa Uru kwamba mkaa wake ndio umeimaliza ni kumwonea. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania wa kawaida hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4.

Lakini jiko na banda ni vyetu. Tanuru la udongo hula kilo 10 za kuni likatoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Samadi iliyolundikwa mbichi, ikikosa hewa ndani, hutoa methani, gesi inayowaka, na kilo 1 ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa kwa miaka 100. Kwa hiyo kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, chenye ng'ombe wawili watatu wa kulishwa bandani, naona mtambo wa bayogesi, unaochachusha samadi kupata gesi ya kupikia, utangulie mengine yote.

Mtambo wa kuba, yaani tangi lililozikwa lenye paa la mviringo linalotunza gesi, aina ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, imeieneza tangu miaka ya 1980, hauna mota. Unalishwa samadi ya siku hiyohiyo: kilo 30, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20, na maji kiasi hichohicho. Koroga mpaka madonge yaishe, na uokote mabua na vipande vya migomba. Vikiingia vinaelea, vinashikana, vinakuwa utando mgumu ambao gesi haiwezi kuupenya. Maji yakipungua, uji unakwama kwenye bomba. Yakizidi, samadi inatoka kabla haijachacha vizuri. Kilo hizo 30 hutoa karibu lita 1,200 za gesi, na plati moja ya jiko hula kama lita 400 kwa saa. Ni saa tatu za moto: chai, ugali, mboga, na maharage kama yamelala kwenye maji usiku kucha. Yasipolowekwa yatakula gesi yote peke yake.

Kule mlimani Kibosho na Machame, baridi ya Julai hupunguza gesi. Kuongeza samadi hapo ni kosa, inatoka mbichi tu. Sabuni, dawa ya choo na maji ya dawa ya kupe visikaribie beseni la kuchanganyia, maana vinaua bakteria. Ng'ombe akiwa kwenye antibayotiki, samadi yake iende kando.

Moto wa njano unataka hewa zaidi kwenye plati. Moto unaorukaruka ni maji yamekaa kwenye bomba. Fungua koki ya kuyatoa. Kila mwezi paka povu la sabuni kwenye maungio na vali zote. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Mahali ambapo wengi hawaangalii ni shimo la kutokea tope, yaani samadi iliyokwisha kuchachia tangini. Simama hapo alfajiri, kabla jiko halijawashwa. Viputo vidogo vya hapa na pale ni vya kawaida, tope bado linachacha. Lakini ukiona vikubwa, vinapanda mfululizo na kupasuka kwa harufu ya yai viza, jua kuba limejaa, gesi imesukuma tope chini mpaka kwenye mlango wa kutokea na sasa inatorokea hapo. Hii inaniuma kuliko moshi wa kuni, kwa sababu haionekani. Methani ikiungua inarudi kuwa hewa ukaa ileile iliyovutwa na majani aliyokula ng'ombe. Mtambo unaoiachia mbichi kila siku unaweza kudhuru kuliko lundo la samadi.

Basi gesi inayozidi iunguzwe: maji ya kuoshea kiwele, maji ya kuoga ya wazee, uji wa watoto. Ikiendelea kubaki kwa siku tatu mfululizo, punguza nusu ndoo ya samadi, na hiyo nusu izikwe ikiwa mbichi kwenye mtaro wa migomba.