Nilivyojifunza Kuwinda Kulungu kwa Gobore na Kukadiria Uzito Wake Bila Mizani

Katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ninakoishi, msimu wa mwisho wa kuwinda kulungu kwa gobore la gumegume huanza kwa kawaida mara tu baada ya Krismasi na kuendelea hadi Januari. Msimu huo ulianza mwaka 1974, na masharti yake hayana mzaha: bunduki ishindiliwe kwa mdomo wa mtutu, iwashwe kwa cheche ya jiwe, na mwindaji alenge kwa macho yake bila darubini. Nilikulia mkoani Tabora, ambako gobore si kitu cha makumbusho, lakini yale niliyoyaona utotoni yaliwashwa kwa fataki, yaani kijikofia chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo ya bunduki. Hili la gumegume lilinibidi nilisome upya, baada ya kumaliza mafunzo ya usalama ambayo kila mwindaji mpya hapa hutakiwa kuyapitia kabla ya kupewa leseni.

Niliyejifunza kwake ni mzee jirani yangu wa Lancaster, mji ambao mafundi wa asili ya Kijerumani waliokaa kando yake katika karne ya 18 walijulikana kwa bunduki zao ndefu. Alinifundisha kwanza kwamba baruti haimiminwi kamwe kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi kwenye mtutu, kwa sababu kaa dogo lililobaki ndani laweza kuilipua pembe nzima mkononi. Humiminwa kwenye kipimio, kisha kipimio ndicho humiminwa kwenye mtutu. Gobore langu lina kipenyo cha nusu inchi, nami hulitilia gramu tano hivi za baruti nyeusi na goroli ya risasi ya zaidi kidogo ya gramu kumi na moja, iliyofungwa katika kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Goroli husukumwa kwa mdeki hadi ikalie baruti barabara. Mdeki wangu una alama inayolingana na mdomo wa mtutu pale mzigo unapokuwa umekaa sawa, na alama hiyo huitazama kila mara, kwani nafasi ikibaki kati ya baruti na goroli mtutu waweza kupasuka.

Unyevu ndio adui mkubwa wa silaha hii. Theluji ikianguka, mimi hufunika mtambo kwa ngozi iliyopakwa nta ya nyuki, na baruti laini ya kuwashia iliyomo kwenye kibakuli huibadilisha mara kwa mara hata kama inaonekana kavu. Baada ya kuvuta kifyatulio hupita kitambo kidogo kabla mlio haujatoka, na katika kitambo hicho mkono haupaswi kutikisika wala jicho kupepesa. Kwa kuwa hakuna risasi ya pili ya haraka, sipigi kulungu aliye mbali zaidi ya hatua sitini au sabini, tena awe amesimama ubavu, ili goroli ipite kwenye mapafu.

Ndivyo nilivyompata jike mmoja mzima katika msitu wa Michaux, kwenye mteremko wa mialoni, jioni yenye theluji. Moshi ulitanda mbele yangu, nikapiga goti ili nione chini yake na kuuweka akilini upande aliokimbilia. Nilishindilia tena, nikasubiri karibu nusu saa, kisha nikafuata damu juu ya theluji hadi nikamkuta amelala. Hapo hapo nikamfunga sikioni kibandiko cha leseni, kwa sababu sheria ya jimbo inataka kifungwe kabla mnyama hajasogezwa.

Uzito una maana kubwa pale msituni, kuliko wanavyodhani wasiowinda. Nilikuwa peke yangu, barabara ilikuwa juu ya mteremko, na nilipaswa kuamua kama nitamkokota mzima au nitamkata vipande. Isitoshe, familia mbili za jirani, wenyeji wa Kongo, zilikuwa zimeahidiwa nyama, nami sikupenda kuahidi nisichokuwa nacho. Jicho halisaidii katika jambo hili. Manyoya ya majira ya baridi ni manene na humfanya kulungu aonekane mkubwa, na mwindaji mwenye furaha humwongezea kilo nyingi bila kukusudia.

Kwetu wafugaji hupima ng'ombe kwa utepe unaozungushwa kifuani, na nilifurahi sana kukuta kwamba kwa kulungu pia kuna jedwali la namna hiyo. Utepe huzungushwa nyuma tu ya miguu ya mbele, ukakazwa bila kubana, na hilo hufanywa kabla ya kumpasua, kwa sababu kifua kilichofunguliwa hubadilika umbo na kipimo hakiaminiki tena. Wangu alikuwa na mzingo wa inchi 35. Kwa kipimo hicho jedwali lilinipa uzito hai wa pauni 126, yaani kilo 57, na pauni 98, yaani kilo 44 na nusu hivi, baada ya kutolewa matumbo.

Ukigawanya namba hizo utaona kwamba kinachobaki ni kama asilimia 78 ya uzito hai. Sehemu kubwa ya kinachoondoka ni tumbo lenyewe na malisho yaliyomo, pamoja na utumbo, mapafu, moyo, ini na damu. Ndiyo maana kulungu wawili wenye uzito hai uleule wanaweza kutofautiana wakishatolewa matumbo: aliyepigwa jioni akiwa ameshiba matunda ya mwaloni hupoteza zaidi kuliko aliyepigwa akiwa na njaa. Anayetaka kurudi nyuma, kutoka uzito wa mzoga hadi uzito hai, azidishe kwa 1.28. Nyama isiyo na mfupa ni karibu nusu ya mzoga uliotolewa matumbo, au pungufu kidogo pale goroli ilipoharibu bega, hivyo nilikadiria kilo ishirini na kitu, na kwa makadirio hayo nikajua kila familia itapata nini.

Kilo 44 juu ya theluji niliziweza kwa kamba na kupumzika mara nyingi. Mizani ya bucha ilionyesha pauni 96, tofauti ambayo kwangu ni ndogo mno kulalamikia, hasa kwa kuwa jedwali hutoa wastani.

Kwa madume ya msimu huu nina tahadhari moja. Dume mkubwa huweza kupoteza robo ya uzito wake wakati wa kupandana mwezi Novemba, kwani hukimbiza majike na hula kidogo. Ifikapo mwisho wa Desemba mgongo na mapaja yake yamekonda, ilhali mbavu zinaushikilia utepe karibu palepale, na jedwali huelekea kumpa nyama asiyokuwa nayo. Kwa dume wa namna hiyo hupapasa uti wa mgongo kwanza. Mifupa ikisikika wazi chini ya vidole, hupunguza makadirio kwa kama sehemu moja ya kumi, na kwa namba hiyo iliyopunguzwa ndipo huwapigia simu wanaongoja nyama.