Nilipata ngapi?

"Madam, kwani ule mtihani wa mwaka jana nilipata ngapi?"

Wiki moja sasa na hiyo sentensi bado inanizunguka kichwani kama nzi. Swali lenyewe halina neno. Kinachonichoma ni kwamba nilicheka.

Ilikuwa Alhamisi, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, tunafunga ile projekti ya wazazi (ile bosi aliwaahidi wafadhili "mabadiliko ndani ya familia" kabla hata ya kutuuliza), na kazi yangu ni kurudia maswali yale yale tuliyowauliza mwaka jana kabla madarasa hayajaanza. Nikafika kwa mama wa mlango wa bluu, yule alinipa kiti akakalia jerikeni. Nimetoa simu, nimefungua fomu, kabla sijauliza la kwanza akauliza yeye. Nilipata ngapi. Nikacheka, nikamwambia aah mama, hii si mtihani. Akasema tu, "Haya." Akaweka mikono kwa mapaja akangoja maswali kama mtoto wa KCPE enzi zile.

Hiyo haya sasa. Jumamosi mahari ya mdogo wangu ikaletwa na watu wakala wakashiba, Jumatatu kandarasi yangu ikaongezwa miezi sita, na mimi kote huko niko nakata kachumbari nasikia haya, nasaini karatasi nasikia haya.

Kwa sababu alikuwa na haki. Mtu anakuja kwako, anakuuliza maswali arobaini, unasoma na mtoto mara ngapi, unampiga, mnakula pamoja, anaandika kila unachosema, anaenda. Huo ni mtihani. Na matokeo yake yalienda kila mahali, kwa bodi, kwa wafadhili, kwa ripoti yenye grafu za rangi na picha ya mtoto akicheka, isipokuwa kwa mlango wa bluu. Halafu ni mimi, mimi huyu, huwa nawafundisha watoa huduma wetu ile sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019, nasimama mbele nasema mtu ana haki ya kuuliza taarifa zake mnazoshika. Akauliza sasa. Nikacheka.

Mwaka wa 2011 nikiwa chuo nilienda na mradi wa Uwezo kama volontia, nyumba kwa nyumba, tunapima watoto kusoma na hesabu za darasa la pili. Pale ulikuwa unamwambia mzazi papo hapo, mtoto wako amefika hapa, ngazi ya kusoma maneno au ya kusoma hadithi. Sisemi kumwambia mzazi kunatatua kila kitu, baba mmoja aliniambia asante na akaendelea kusikiliza mpira. Lakini alijua.

Basi jana nikarudi. Sikumwambia bosi. Nimechapisha majibu yake ya mwaka jana kwa saiba, bob kumi ukurasa, nikampelekea. Akavaa miwani, akasoma polepole na kidole, akafika pale "Unasoma na mtoto mara ngapi kwa wiki" na jibu ni kila siku. Alicheka jamani! Alicheka mpaka jirani akachungulia. "Huu uongo nani alikuambia?" Nikamwambia ni wewe mama. "Aai. Mimi nilikuwa nafikiria kusoma na mtoto ni kumuuliza kama amemaliza homuweki." Alhamisi alikuwa amejibu mara mbili kwa wiki, na mara mbili za ukweli, na kijana akaletwa anisomee ukurasa mzima nikiwa nimesimama na mkoba begani. Halafu akataka nimbadilishie jibu la mwaka jana. Nikamwambia haibadilishwi. "Basi andika hapo chini ni uongo."

Nikapanda matatu nikicheka peke yangu.

Shida ni kwa Eksel yeye ameshuka, kutoka saba mpaka mbili, na si yeye peke yake, karibu kikundi chote kimeshuka hapo, na bosi ameniandikia "hii laini inaenda chini, itatuletea maswali." Wacha ilete. Watu wamejifunza swali linauliza nini ndio maana wanajipa alama ndogo. Kuna wenzetu humuuliza mtu mara moja tu mwishoni, sasa hivi uko wapi, na ukikumbuka kabla ya madarasa ungejiweka wapi, kipimo ni kimoja na kichwa ni kimoja. Nayo ina tabu yake, mgeni akikaa kwa kiti chako utamwambia ulikuwa mbaya ukapona, ili afurahi. Lakini nitaomba tuongeze, na nitaomba pesa ya kurudisha majibu kwa watu, hata kama ni bob kumi kumi.

Sijatuma hiyo barua pepe bado. Kasichana kangu kameanza kukohoa tena usiku, na hii si kama ile ya Aprili, hii iko chini chini, na nimezima feni nisikie vizuri.