Lenzi iliyoota moto

Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018 nilipewa kazi moja tu: kuitunza lenzi ya kuchungulia, maana tulikuwa nayo hiyo hiyo moja. Darubini yenyewe ilikuwa ya kioo cha inchi 6. Tulikuwa tumeipandisha juu ya paa la zege la maabara, chuoni kwetu Iringa. Paa hilo tuliliita "kituo cha anga" kwa mbwembwe tu. Ukiiondoa darubini, yanabaki matangi mawili ya maji.

Mwezi ungepatwa wote kuanzia saa nne na nusu usiku, kwa dakika 103. Tukaanza na Zohali. Pete zake ziliwapigisha watu kelele. Mirihi, iliyokuwa karibu nasi kuliko wakati wowote tangu 2003, ikatuangusha: dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima, tukaona chungwa tupu.

Na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba unaijua. Kila aliyeinama aliihemea lenzi, ikafanya ukungu. Nikaifuta kwa pindo la shuka.

"Usifute!" Mwalimu alikuwa amechelewa. "Sasa umeipaka mafuta. Kaipashe moto."

Jiko lilikuwa kwa mlinzi, chini. Kulipandisha haikuwezekana, maana hewa ya moto huifanya picha icheze kama lami ya saa nane mchana.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Umeleta kiazi?"

"Ni lenzi, mzee."

Akanisogezea birika pembeni. Nikaifumbata lenzi, ngumi juu ya makaa. Kivuli cha mkaratusi pale uwanjani kilikuwa kimebaki hafifu. Nilipokitafuta tena, hakikuwepo. Mzee akazima redio. Mwezi ulikuwa na rangi ya tofali la kuchoma, Mirihi kando yake, na nyota zilizokuwa zimemezwa na mbalamwezi jioni nzima zikajaa mpaka juu ya mabati ya bweni.

"Sasa kule juu mmefuata nini?" akauliza. "Mbona na huku panaonekana?"

Sikuwa na jibu.

"Wewe! Lenzi!" wakaita kutoka juu.

Nikapanda ngazi mbili mbili, ngumi imefungwa. Mwalimu akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga wa simu, akainusa.

"Inanuka moshi," akasema, akaichomeka.