Ile robo saa baada ya mkeka kuchanika

Mi ni boda hapa Busia, upande wa Uganda, na sasa nina miezi 11 sijabeti. Watu husema ni tamaa au uvivu, lakini mi naona shida kubwa ilikuwa vile kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu, na kilikuwa kinapiga vibaya kila siku.

Nilianza na miaka 22. Sheria ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza lakini pale dukani hakuna aliyeniuliza kitambulisho.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Jumamosi. Mkeka wa mechi 9, yani tiketi moja ya kubeti ambayo mechi zote lazima ziingie ndio ulipwe, nimeweka 5,000, nane zikaingia na ya tisa timu yangu inaongoza mpaka dakika ya 89, mara goli likarudi. Nilikuwa steji nimekaa juu ya pikipiki, mikono inatetemeka. Kumbe nilikuwa nimepoteza elfu tano tu, lakini mi niliumia kama mtu aliyenyang'anywa milioni na zaidi, halafu nikajiona najua mpira, si nane zimeingia? Ndani ya robo saa nikaweka 20,000 ya mafuta, ikaliwa, nikaingia kwa wale mbwa wa kwenye skrini, mbio za kompyuta tu si mbwa wa kweli, na 50,000 ya mwenye pikipiki, nikisema namba 4 hajashinda tangu asubuhi, sasa ni zamu yake. Ikaliwa pia.

Ile ni mashine jamani, haikumbuki asubuhi. Baadaye nilisoma kwamba kule Monte Carlo mwaka 1913 mpira wa ruleti, lile gurudumu la kamari lenye namba nyekundu na nyeusi, uliangukia weusi mara 26 mfululizo, na watu walipoteza pesa nyingi sana kwa kuweka kwenye nyekundu, kila mmoja anaona nyekundu imekaribia. Nilipoisoma nilijiona mimi kabisa na mbwa wangu namba 4.

Aliyenisaidia ni shemeji yangu, anafundisha hesabu. Hakunihubiria. Alisema tuchukulie kila mechi ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu, sasa kupata zote 9 ni mara 1 kati ya 512. Kwa haki elfu tano yako ingelipwa 2,560,000. Lakini kampuni haikupi odi ya 2.00, yani pesa yako mara mbili, inakupa kama 1.85, unaona kama tofauti ndogo, ila ukizidisha mara 9 inafika karibu 254 tu, yani 1,270,000 hivi. Nusu imeshaliwa kabla mpira haujaanza! Mi siku zote nilikuwa naongeza mechi nikidhani naongeza bahati.

Lakini kujua hesabu hakukutosha, wiki ile ile nilibeti tena. Kwa sababu ile robo saa ya hasira huwezi kukumbuka hesabu yoyote. Kwa hio nikaona dawa ni kuifanya pesa iwe mbali na mimi. Nikafuta programu, nikaomba akaunti ifungwe, na kila nikifikisha elfu 10 natuma kwa simu ya mama watoto, nabaki na ya mafuta. Mwanzoni niliona aibu kumwomba mke wangu ashike pesa yangu, yeye akasema tu, "Baba, wewe lete, mi nitaandika," na kweli anaandika.

Na mi nina daftari langu kwenye mfuko wa koti. Hamu ikija naandika saa na kile kichwa kinachosema, neno kwa neno, halafu nabeba abiria mmoja kwanza. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya sana, sikuwa nalala vizuri. Sa hizi inakuja wikendi zaidi, hasa steji ikiwa haina watu. Jumamosi iliyopita niliandika: saa 10 na dakika 40, "leo ni ya uhakika." Akaja mama mmoja na gunia la vitunguu anaenda Masafu, nikafunga gunia, tukaenda. Jioni nikafungua kurasa za nyuma, na hayo maneno ya uhakika nimeyaandika mara 19.