Mnunuzi Atadhani Madeni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Adhana imekwisha, majirani hawajaanza kugombania bomba, nami nimeshakaa mezani na kikombe cha chai ya tangawizi. Naishi Sinza, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kutafsiri, mikataba zaidi ya kitu kingine. Leo nina kurasa 14 za mauziano ya duka la vifaa vya ujenzi, na zinatakiwa leo leo. Mteja ameshazipitisha kwenye programu ya kutafsiri, eti kunipunguzia kazi. Ukurasa wa tatu nakutana na hii: "Mnunuzi atadhani madeni yote ya muuzaji."

Chai ilinipalia. Deni la kudhani! Mangi wa hapa mtaani angenikubalia hilo, ningehamia dukani kwake.

Saa mbili asubuhi. Mchawi ni kitenzi cha Kiingereza, "assume". Kinaonekana kipole, kumbe kina kazi nyingi. Mtu anaweza ku-"assume" kwamba mvua itanyesha: hapo anachukulia jambo kuwa kweli bila kulithibitisha. Waziri mpya naye ana-"assume" madaraka, yaani anayashika. Tapeli ana-"assume" jina lisilo lake. Na mnunuzi wangu ana-"assume" madeni: anayabeba, atayalipa, hakuna cha kudhani.

Kinachonifurahisha ni kwamba chanzo cha neno hilo ni kitenzi cha Kilatini, sumere, maana yake kuchukua. Kiswahili kimepita njia ileile bila kumuuliza mtu. Kutoka "chukua" tumepata "chukulia": nachukua mzigo, nachukua madaraka, nachukulia kwamba umeshakula. Programu ilikuwa na neno lote hilo mlangoni, ikaenda kuokota "kudhani", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo linakaa kichwani tu na halijawahi kubeba hata kiroba.

Saa nne. Nimehesabu. Kitenzi kimejitokeza mara 9: sita ni kubeba, mbili ni kuchukulia, moja ni kushika, kwa sababu kuna meneja mpya anayeingia kazini. Nimesahihisha zote, kisha nikaenda kufua. Ofisi ya nyumbani ndivyo ilivyo.

Saa sita mchana. Nimekwama kwa nduguye, "presume". Mkataba unasema barua ya taarifa ikishatumwa, baada ya siku saba itakuwa "presumed" imepokelewa. Nikampigia wakili ninayemsumbuaga kwa mambo haya.

"Dada, usije ukaandika 'itadhaniwa'," akasema. "Mahakama haidhani. Andika 'itahesabiwa kuwa imepokelewa, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo'."

Hapo ndipo tofauti ya ndugu hawa wawili ilipo. "Assume" inaweza kusimama hewani. "Presume" inataka pa kukanyagia: kanuni, mazoea, au dalili fulani, na inabaki imesimama mpaka mtu aje na ushahidi wa kuiangusha. Mtuhumiwa wa jinai Waingereza husema ni "presumed innocent". Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), haikuhangaika kulitafutia neno hilo mwenza. Inapiga marufuku kumtendea mshtakiwa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Naiona ni tafsiri bora kuliko tafsiri.

Saa saba. Wali maharage kwa mama lishe. Nikamsimulia, naye akataka mfano wa karibu. Nikampa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inawachukulia kuwa wameoana, hadi mtu athibitishe kwamba sivyo. Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Miwili tu? Mbona mimi nina wa sita!" Wateja wakageuka wote. Nikalipa upesi.

Saa kumi alasiri. Mtoto wa jirani, kidato cha pili, kaja na daftari la historia. "Shikamoo anti. Eti Stanley alimwambia Livingstone 'I presume'. Kwani hakuwa na uhakika?"

Marahaba, swali zuri. Mwaka 1871, pale Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Stanley alikuwa ametembea miezi kumtafuta mtu mmoja, na mbele yake kasimama Mzungu mzee aliyechoka. Angekuwa nani mwingine? "I presume" ile haikuwa ya shaka, ilikuwa adabu ya watu wasiojuana. Sisi tungesema, "Bila shaka wewe ndiye Daktari Livingstone," na "bila shaka" yetu nayo ina vituko vyake: mara nyingi tunaitoa pale ambapo kashaka kapo kidogo. Nikamwongezea kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku ile zilichanwa, ndiyo maana wapo wanahistoria wasioamini kwamba alitamka maneno hayo. Kijana akaonekana kama nimemwibia kitu.

Kabla hajaondoka nikamwonya: Mwingereza akikuuliza kwa ukali unawezaje ku-"presume" kumfundisha kazi, hakusifii. Anakuambia umefanya ujuvi.

Saa tatu usiku. Umeme ulikatika saa moja, ukarudi saa mbili na dakika. Nimetuma kurasa zote 14. Dakika tano hazijaisha, mteja akajibu kwa Kiingereza, mstari mmoja: "I assume you have checked the figures."

Nikaukodolea macho. Ananiamini? Ananiuliza? Ananitega? Kwa Kiingereza sentensi hiyo inabeba yote matatu kwa mpigo, na msemaji habanwi na hata moja.

Nikamjibu ndiyo. Kisha nikafungua faili, nikaanza kukagua tarakimu.