Siku moja na wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa pafu

Saa 1:30 asubuhi. Nafika hospitalini, hapa Dar es Salaam, foleni ya mapokezi ikiwa imeshafika mlangoni. Kazi yangu ni fiziotherapia; wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi. Siku nyingi nashughulika na viharusi na nyonga, lakini leo ni zamu ya kifua: watu wenye saratani ya mapafu ambao wameshapangiwa upasuaji au kemo (dawa za kuua seli za saratani) na bado wana wiki mbili tatu za kungoja. Wiki hizo ndizo kazi yangu.

Saa 2:10. Kikao na daktari wa upasuaji, muuguzi na mtaalamu wa lishe. Nani amepungua kilo, nani bado anavuta sigara, nani kipimo cha kupuliza kimeonyesha hali mbaya. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Ukimtoa mtu moja, zilizobaki ndizo zitakazombeba, kwa hiyo tunataka aingie chumba cha upasuaji akiwa na nguvu.

Saa 3:00. Koridoni, kwenye kipimo cha kutembea dakika sita. Mita 30 zimewekwa alama, kiti pembeni, oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni, kidoleni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo unanikimbiza?"

Hakuna kukimbia. Unatembea haraka kadiri uwezavyo, ukichoka unasimama, ila saa haikusubiri. Mzee huyu, dereva wa malori aliyestaafu, amefika mita 310 na midomo imemkauka. Namuuliza nyumbani anatembea kiasi gani. Anacheka. Tangu picha ya CT ionyeshe uvimbe, wanawe wamemkataza hata kwenda msikitini kwa miguu. Apumzike, wanasema.

Neno hilo linanipa kazi kuliko ugonjwa wenyewe. Familia inadhani inamtunza, kumbe misuli inasinyaa kitandani, na aliyedhoofika akishapasuliwa hana nguvu ya kukohoa. Makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi kabla ya upasuaji wa saratani ya pafu walipata matatizo ya mapafu kwa kiwango cha takriban nusu ya wasiofanya. Namweleza binti yake hivyo hivyo, mzee akiwa anasikia. Kisha namwandikia: kutembea kila siku mpaka pumzi zipande lakini bado aweze kuongea, kuketi na kusimama kitini bila kushika popote, kile kifaa cha kuvuta pumzi chenye vipira, mara kadhaa kwa siku. Na kukohoa huku amekumbatia mto, ajifunze sasa kabla hakujauma.

Saa 5:00. Mama lishe kutoka Morogoro. Hajawahi kushika sigara. Amepika kwa kuni na mkaa tangu utotoni. Alimaliza dozi ya TB kabla saratani haijagunduliwa, jambo ninalolisikia mara kwa mara, maana kikohozi, jasho la usiku na kukonda ni vya magonjwa yote mawili. Mazoezi kwake si tabu. Tabu ni usingizi, haupati. Nilidhani anaogopa kufa, akaniambia anaogopa mpira.

"Mpira gani mama?"

Ule wa kifuani, unaowekwa baada ya upasuaji kutoa hewa na majimaji. Jirani yake aliuona kwa mtu.

Basi nimeuleta, pamoja na chupa yake. Ameushika, ameuzungusha, ameuliza unaingilia wapi, unatolewa lini, na ile chupa kwa nini inatoa mapovu. Nimemwambia mapovu ni hewa inayotoka kifuani, asishtuke akizinduka akayaona. Tumeongea karibu saa nzima. Mengine ya moyoni nimempeleka kwa mshauri wetu, lakini hofu nyingine dawa yake ni kuonyeshwa kitu chenyewe.

Saa 7:00. Wali maharage, haraka. Mtaalamu wa lishe analalamikia uji mweupe mtupu na soda, ambavyo kila ndugu analeta. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku. Yai moja lina kama sita. Leteni dagaa, maharage, mtindi; uji utiwe karanga.

Saa 8:15. Kijana wa makamo "amepunguza" hadi sigara tatu, za kununua moja moja. Wiki nne bila sigara kabla ya upasuaji ndizo tunazozitaka, ila hata akiacha leo inamfaa. Ameniachia pakiti mezani. Ilikuwa na mbili.

Saa 9:30. Simu kwa walioko nyumbani. Wa Kibaha hana nauli ya kuja, tunafanya mazoezi kwa simu, namhesabia. Mwingine yuko kwenye kemo na anadhani mazoezi ni ya wanaopasuliwa tu. Hapana, hata yeye yanampunguzia uchovu.

Kabla sijafunga daftari, binti wa mzee anapiga. Baba ametoka kutembea tena, mara ya pili leo, wamzuie?

"Msimzuie. Mmoja wenu aende naye, abebe maji."