Buccaneer ya Shirikisho: Nilivyounda Ndege Ambayo Haikuwahi Kuruka Mombasa

Kuna watu wakiiona ndege yangu ndogo ya plastiki juu ya kabati huwa na swali moja tu: "Hii ilikuwepo?" Nikijibu haikuwepo, hunitazama kwa huruma. Mmoja wao ni jamaa ambaye nyumba yake imejaa Spitfire, ndege za kivita za Waingereza, zote zimepakwa rangi kwa kufuata kitabu hadi nambari ya ubavuni. Huyo ndiye aliyenitamkia kwamba ndege za kubuni ni kazi ya mvivu wa kusoma. Haya, nieleze nilivyosoma.

Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini jijini Nairobi tamko la kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki. Shirikisho halikuja. Basi mimi nimeliunda mezani kwangu, kwa kipimo cha 1/72, yaani ndege halisi ni kubwa mara 72, na nikalipa kikosi cha ndege katika uwanja wa Port Reitz, huu ambao leo tunauita Moi. Kikosi kinataka kazi ya kufanya, na kazi niliikuta tayari kwenye historia. Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi Wazungu, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, leo Zimbabwe, na mafuta ya nchi ile yalitegemea bandari ya Beira huko Msumbiji, kisha bomba hadi karibu na Umtali, leo Mutare. Tarehe 9 Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio nambari 221, Waingereza wakapewa idhini ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zinazokwenda Beira. Manowari zao zilizunguka huko hadi 1975. Mimi nimebadilisha jambo moja tu: idhini ile limepewa Shirikisho.

Ndege je? Blackburn Buccaneer. Ni ndege ya Waingereza ya kushambulia meli, watu wawili ndani, injini mbili, imetengenezwa iruke chini kabisa juu ya maji isionekane na rada. Afrika Kusini ilinunua 16, ilipotaka nyingine serikali ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, ikakataa. Hizo zilizokataliwa ndizo nilizozishusha Port Reitz. Wilson wakati ule alikuwa akilaumiwa na viongozi wa Afrika kwa kutompelekea Smith jeshi, na Tanzania ilikuwa imevunja naye uhusiano Desemba 1965, kwa hiyo ndege chache za kupatana nazo zingemfaa sana. Hii ndiyo sheria yangu na siivunji: uwongo mkubwa uwe mmoja, vilivyobaki vyote viwe kweli. Anayepaka nyota na mbavu za pundamilia juu ya F-16 kwa kuwa zinapendeza, na apake, lakini asinialike.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilibidi ifike Beira na kurudi. Rafiki yangu wa Tanga alinipigia simu usiku: "Yakhe, umepima ramani wewe?" Nikapima. Mombasa hadi Beira kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,800, na Buccaneer ya toleo la S.2 ikijazwa mafuta kila mahali hufika takriban 3,700. Yaani marubani wangu wangerudi wakinusa tangi, bila dakika hata moja ya kuzunguka kutafuta meli. Rafiki akataka nihamie Mtwara. Nikakataa, kwa sababu Mombasa ni kwetu. Badala yake moja ya ndege mbili zangu ikawa ya kuinyweshea mwenzake mafuta angani, jambo ambalo Buccaneer halisi zilifanya kwa chombo kinachoning'inia chini ya bawa, chenye pangaboi dogo puani. Sanduku langu la vipande, la mkono wa pili, halikuwa na chombo hicho. Nilikichonga kutokana na tangi lililobaki la Hunter, ndege nyingine niliyowahi kuiunda, na pangaboi nikalikata kwenye mfuniko wa mtindi. Ukilitazama kwa mbali ni lenyewe.

Masanduku yenyewe ni ya Airfix, kampuni ya Uingereza ya ndege za kuunganisha, ya zamani, aliniletea binamu yangu kutoka Uingereza ndani ya begi la nguo. Sijui hasa yalinigharimu kiasi gani, maana nililipa nusu kwa pesa na nusu kwa halua. Tuseme elfu sita na kitu. Rangi usimwagize mtu wa ndege, chupa za rangi na gundi hunyang'anywa uwanjani.

Kuunganisha hakuna hadithi. Penye mwanya mkubwa, na Airfix ya zamani ni mianya mitupu, kata vipande vya fremu ya plastiki inayobaki ukishatoa sehemu za ndege, vitie kwenye kichupa pamoja na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, na uache hadi kesho yake. Utapata uji wa plastiki ileile ya ndege. Jaza, subiri ukauke sawasawa, piga msasa. Hakikisha ni asetoni tupu, zile za manukato na mafuta hazifanyi kitu.

Sasa rangi. Hapa ndipo nilipotaka kugombana na watu. Mtaalamu mmoja wa Nairobi, mtu wa maneno mengi, alinishauri nipulizie alfajiri, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi. Huko kwao labda. Hapa pwani alfajiri ndipo hewa imeshiba maji. Nilipulizia kijivu cha bahari, rangi ya jamii ya zile za magari, na kabla sijaosha kalamu ya kupulizia rangi ndege ikaanza kuota ukungu mweupe kuanzia mabawani. Nikampigia. Akasema ongeza thina. Nikaongeza, ukungu ukazidi, sasa na mkia umo. Akasema ongeza tena, huenda thina ni ya bandia. Ndege ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kupakua unga bandarini.

Nikaichukua hadi gereji moja ya Shimanzi, kwa mzee anayepaka rangi magari. Aliigeuzageuza ndege kiganjani, hakuuliza kama ilikuwepo, Mungu ampe umri. "Mwanangu," akasema, "rangi haina kosa. Thina yako yaruka mbio, ikiruka yaacha baridi, na baridi yaita maji." Ndivyo hasa: thina inayokauka haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa ukaganda pale juu kabla rangi haijafunga. Kila nilipoongeza thina niliongeza baridi. Akanimiminia thina ya polepole kwenye chupa ya soda, ile wanayotumia siku za mvua. "Pulizia hii peke yake. Iwe ungaunga, usiloweshe." Nilianza kwenye vijiko vya plastiki, vile vya kutupa vya harusini, kwa sababu thina ya gari ikizidi hula plastiki hadi ikunjamane. Vijiko viliposalimika nikahamia kwenye ndege. Ukungu ulitoweka mbele ya macho yangu, kijivu kikarudi chini yake kama kilivyokuwa. Tangu siku hiyo napulizia saa nane mchana, kaskazi ikiwezekana, namwaga maji ya kwenye kompresa kila mara, na ndege hukaukia ndani ya katoni lenye balbu ya zamani, ile ya waya inayotoa joto. Za kisasa haziunguzi hata nzi.

Nembo sasa, na hapa nitajisifu.

Shirikisho halikuwa na nembo ya ndege, nilikuwa huru, lakini sheria yangu ni ileile. Nikatandaza bendera tatu za wakati ule: Kenya, Uganda na Tanganyika. Nyeusi imo katika zote tatu. Kijani imo Kenya na Tanganyika, njano imo Uganda na Tanganyika, nyekundu imo Kenya na Uganda. Kila rangi katika hizo tatu ni ya nchi mbili! Sidhani kuna aliyepanga iwe hivyo, ila kamati yoyote ya mwaka 1963 ingeiona ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo nyeusi katikati, kisha duara la kijani, la njano, na nyekundu nje. Nyeupe ya Kenya imekosa nafasi, wenzangu mnisamehe.

Kuichora ndiyo kazi. Nilipeleka mchoro kwenye duka moja la uchapaji mjini ili nichapishiwe kwenye karatasi ya stika za maji, zile zinazoloweshwa na kuteleza juu ya ndege. Njano ilipokaa juu ya kijivu ikawa rangi ya matope, kwa kuwa mashine zile hazina wino mweupe wa kuweka chini. Pesa ilishaliwa. Kukata miduara kwa wembe nako ni kujitafutia umbo la yai.

Siku moja napita Mji wa Kale, nikamwona fundi wa makubadhi amekaa kibarazani anatoboa ngozi. Mbele yake kuna vyuma vya mviringo vyenye makali mdomoni, saizi zote, kuanzia tundu la kupitishia uzi hadi zaidi ya ukubwa wa shilingi. Nikasimama.

"Karibu, wataka kiatu namba ngapi?"

"Sitaki kiatu, ami. Nataka matundu."

"Matundu matupu?"

"Matundu, na vile vinavyotoka ndani yake."

Alicheka hadi akaweka nyundo chini. Nikarudi na tepu ya karatasi nimeibandika juu ya ile karatasi telezi ya nyuma ya stika, akanipigia safu nzima juu ya gogo lake, saizi nne. Miduara safi, ukingo haujachanika hata mmoja. Malipo yake kahawa na kashata, ingawa baadaye nilinunua na jozi ya makubadhi kwa aibu.

Halafu nikafanya kinyume cha wanavyofanya wengi: nembo kwanza, ndege baadaye. Mahali pa nembo nilipaka nyeusi, nikabandika kiduara kidogo. Juu yake kijani, kiduara kikubwa zaidi. Kisha nyeupe, ndipo njano, maana njano peke yake ni dhaifu, haifuniki kijani. Kiduara tena. Nyekundu, na kiduara cha mwisho. Hatimaye kijivu cha ndege nzima juu ya vyote. Kupata kitovu kimoja nilitoboa kila kiduara kwa sindano katikati na kufuata alama. Nilibandua kwa ncha ya kijiti, vyote vinne kwa mpigo, na duara zikatoka za kiwandani. Moja chini ya bawa la kushoto imeingia rangi kidogo; hilo bawa liko upande wa ukuta.

Breki ya hewa ya mkiani nimeiacha wazi, kwani Buccaneer bila mkia uliopasuka haitambuliki. Jamaa wa Spitfire alikuja, akadai ndege kama hii isingeweza kitu mbele ya meli kubwa ya mafuta. Nikamkumbusha Machi 1967, Buccaneer za Uingereza zilipoipiga mabomu Torrey Canyon iliyokwama karibu na Cornwall. Akaomba maji ya kunywa.

Yule wa Tanga naye ameanza ya kwake, MiG-17, ndege ya Kisovieti, ya Shirikisho hilohilo, eti Nyerere asingekubali kila kitu kitoke London. Hoja nzuri, inaniudhi kidogo. Anataka nimtumie viduara vyangu vilivyobaki. Nimemwambia hata Tanga kuna mafundi viatu.